Barua kwa Mama Salma kuhusu Matone ya Presha ya Macho

Mbagala, Dar es Salaam
14 Juni

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nimesikitika kusikia kwamba umepimwa presha ya macho ikakutwa juu. Umeniomba nikutajie dawa yangu ili uiulizie katika duka la dawa huko Tanga. Nakutajia, lakini nakusihi usiinunue kabla hujaonana na daktari wa macho.

Ninayotia ni dawa ya mchanganyiko: chupa moja yenye dorzolamidi na timololi, tone moja asubuhi na moja jioni. Zote mbili hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, ila kila moja kwa njia yake, ndiyo maana zikiwa pamoja hushusha presha zaidi. Hapo awali nilikuwa na chupa mbili. Ilinipasa kutia ya kwanza, nisubiri dakika tano, kisha nitie ya pili, na dorzolamidi ilitakiwa mara tatu kwa siku. Tone la mchana lilinikuta sokoni au ndani ya daladala, na mara nyingi lilinipita. Tangu nipewe chupa moja sijaruka hata siku moja, na presha iliyokuwa 28 sasa ni 17. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21.

Linalonitia hofu juu yako ni hili. Kila nikitia tone, baada ya muda mfupi nasikia uchungu mdomoni. Daktari alinieleza kwamba jicho lina kijia kinachopeleka machozi puani, na dawa hupitia humo humo hadi kooni na kuingia katika damu. Kwangu uchungu huo ni kero tu. Kwako wewe, mwenye pumu tangu tukiwa shuleni, timololi inaweza kubana njia za hewa kifuani, ingawa imetiwa jichoni. Tena hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mweleze daktari habari ya pumu kabla hajaandika chochote, maana anayetazama macho anaweza asiulize kifua. Ipo dawa ya mchanganyiko isiyo na timololi, yaani brinzolamidi na brimonidini, na ipo latanoprosti, ambayo ni tone moja kila usiku. Yeye ndiye atakayechagua.

Ukishapewa yako, kila ukitia tone fumba jicho na ubonyeze taratibu pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa ibaki jichoni. Wala usiache kwa kuwa huna maumivu: presha hii huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimya kimya, na uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Ukiona miadi ya huko ni ya mbali, panda basi uje kwangu. Tutakwenda pamoja hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT. Uje na dawa ya kuvuta unayotumia kwa pumu, daktari aione kwa macho yake.

Wako akupendaye,
Mama Neema