Shamba Lisiuzwe

Toronto, Januari

Kaka yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima hapo Langoni, wewe, wifi na watoto. Mama nibusieni mkono.

Wifi ameniambia kwamba umekwisha kuonana na mtu anayetaka shamba la minazi la marehemu baba, ili nipelekwe India nikapasuliwe shingo. Nimelia, kaka. Kosa ni langu: nilitamka neno saratani kwenye simu, laini ikakatika kabla sijamaliza maneno. Ndiyo maana naandika, uisome taratibu na umsomee mama.

Nilikwenda kupigwa picha ya mishipa ya damu ya shingo kwa ajili ya kizunguzungu. Wakaona kivimbe kwenye tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya koo ambayo ikivimba mtu huwa na rovu. Kina milimita 7. Kwa kawaida kisichofika sentimita 1 hawakichomi sindano ya kutoa chembe za kupima, ila changu sura yake iliwatia shaka, wakakichoma. Majibu yakasema ni saratani ya aina ya papilari, ambayo mwendo wake ni wa polepole mno.

Mama aliuliza, mbona hawaitoi, au wanamdharau kwa kuwa ni mgeni? La, mama. Mwaka 1993, katika mji wa Kobe huko Japani, madaktari walianza kuwaacha wagonjwa wa vivimbe vidogo namna hii bila kuwapasua, wakawa wanawapima mwaka hadi mwaka. Katika wagonjwa 1,235, baada ya miaka 10, wapatao 8 kwa kila 100 ndio ambao kivimbe chao kilikua kwa milimita 3 au zaidi, na hawakufika 4 kwa 100 ambao saratani ilisambaa ikaonekana kwenye tezi za limfu za shingo. Waliohitaji upasuaji walifanyiwa wakati huo. Hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Na huko Korea Kusini, watu walipopimwa shingo kwa wingi, waliogunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi mwaka 2011 walifika mara 15 ya wale wa 1993, lakini vifo vilibaki vilevile. Nilipoyasikia hayo nilikaa kimya muda mrefu. Watu wangapi walipasuliwa kwa kitu ambacho wangeishi nacho hadi uzeeni bila kukijua!

Si kila mtu huambiwa angoje. Kivimbe kikigusa bomba la pumzi, au kikikaa penye njia ya neva ya sauti, au tezi za limfu zikionyesha dalili, hutolewa. Changu kimezungukwa na nyama ya tezi kila upande. Umri nao huangaliwa: kwa vijana hukua zaidi, na mimi nina miaka 54. Daktari alisema nikitaka kitolewe, kutoa upande mmoja wa tezi kunatosha, na ayodini ya mionzi, dawa ya kuua mabaki ya tezi, sina haja nayo. Ikitolewa yote, ni vidonge vya homoni kila siku ya maisha. Tena kisu kinaweza kuumiza neva ya sauti, au zile tezi ndogo nne za nyuma zinazolinda kalsiamu ya damu.

Akaniachia nichague. Nikawafikiria wasichana ninaowasomesha Qurani kila Jumamosi. Sauti hii ndiyo kazi yangu. Nikachagua kungoja.

Sikufichi, usiku mwingine naamka naishika shingo. Hapo humkumbuka baba kule Matondoni, alivyokuwa akitia alama ya makaa penye mwisho wa ufa wa ubao, halafu jahazi likipandishwa tena anatazama kama ufa umeivuka alama. Usipoivuka, ubao haung'oi.

Nitapigwa picha kila miezi 6 kwa miaka 2, kisha mara moja kwa mwaka. Kikiongezeka milimita 3, au kikitokea kitu kwenye tezi za limfu, nitapasuliwa hapahapa, na gharama ya upasuaji hubebwa na bima ya serikali ya jimbo. Mimi nimekwisha kukubali hilo.

Kwa hiyo mwambie huyo mtu shamba haliuzwi, na kama ametanguliza kitu mrudishie. Picha ijayo ni mwezi wa Aprili. Siku hiyo nitapiga simu baada ya isha ya huko, mama akae karibu na simu, nimtajie milimita mwenyewe.

Mdogo wako