Jina la Siti tunalo, sauti yake tunaipoteza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Nilikuwa uani napepeta mchele, redio inasema pembeni, ukapigwa wimbo ninaoujua tangu utotoni: sauti kali ya mwanamke, fidla inamfuata nyuma, na ule mkwaruzo wa sindano juu ya santuri kongwe, ile sahani ya muziki ya zamani. Ulipokwisha, mtangazaji, kijana mwenye adabu na lafudhi nzuri, akasema, "Huyo alikuwa Bi Kidude." Nilisimama na ungo mkononi. Yule hakuwa Bi Kidude. Yule alikuwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyemtangulia.

Kijana yule simlaumu peke yake. Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi, na mwenyewe akisema waziwazi kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Waliozaliwa baadaye wamezikuta nyimbo zile kinywani mwake, basi wakadhani zimeanzia hapo. Ninachokililia ni kwamba ile iliyopigwa redioni ilikuwa sauti ya Siti mwenyewe, na ikapita mbele yetu kama mgeni asiyejulikana kwao.

Jina lake tunalo. Chama cha Wanahabari Wanawake kimeliita jarida lake Sauti ya Siti. Wasifu wake aliouandika Shaaban Robert tumeusoma skuli, na wengine tumeukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini niliwauliza wapwa zangu watano, wote wamesoma, nani amewahi kumsikia akiimba. Hakuna hata mmoja. Wanajua alizaliwa kijiji cha Fumba mnamo 1880, wanajua alikuwa akiuza vyungu. Sauti yenyewe, iliyomtoa Fumba ikamvusha bahari, hawaijui.

Nao hawajui ilivyokuwa kazi kuipata. Alizaliwa katika ukoo wa watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Hilo la Siti, yaani bibi mwenye heshima zake, alikuja kupewa baadaye. Alifuata kazi ya mama yake ya kufinyanga, akatembea kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini na vyungu kichwani, akinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu waliijua sauti kabla ya kuijua sura. Mnamo 1911 akahamia mjini moja kwa moja, akaingia katika kundi la wanaume wapigaji: kina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaabani, na Mbaruku wa Mombasa, kipofu aliyekuwa fundi wa kupiga udi, ile ala ya nyuzi. Hawa nao tuwataje, kwa sababu siku hizi hata anapokumbukwa Siti, wao hawakumbukwi.

Wakati huo taarabu ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge, na bado akaitwa mpaka kwa Sultani. Waliomwonea choyo walimtungia kijembe cha kumkumbusha alivyotoka shamba na kaniki zake, na kwamba bila sauti asingekuwa mtu. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake mpaka leo linaimbwa kuliko kile kijembe.

Mnamo 1928 kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya mbwa anayesikiliza kinanda cha santuri, ikamchukua yeye na wenzake kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi. Mpaka hapo vinanda vya santuri vilikuwa vikipiga nyimbo za Misri na za Kihindi. Mtu wa pwani alikuwa hajazoea kusikia lugha yake ikitoka ndani ya lile sanduku. Kufikia 1931 santuri za Siti na wenzake zilizokwisha kuuzwa zilifika 72,000. Hebu tulifikirie hilo. Watu wa wakati ule, na kipato cha wakati ule, walitoa fedha kununua sahani moja ya santuri, tena wengi wao hawakuwa hata na kinanda; walikwenda kuisikiliza kwa jirani au kwenye mkahawa wa kahawa.

Bibi yangu mzaa mama, wa mtaa wa Kikwajuni, alikuwa nacho kinanda. Cha kuzungusha kwa mkono. Sindano zake alikuwa akizitia kwenye kikopo cha bati, na sisi watoto tulikatazwa hata kukitikisa. Alikuwa akituambia tuhesabu: upande mmoja wa sahani unachukua dakika tatu na ushei tu, kwa sababu santuri zile zilizunguka mara 78 kwa dakika na nafasi ikaisha upesi. Wimbo ambao harusini ungekwenda nusu saa, watu wakituza na kuomba beti zirudiwe, ulibidi ubanwe. Nikimsikiliza Siti sasa nasikia jinsi alivyojua kubana. Hapotezi pumzi. Anaingia kwenye neno la kwanza kama mtu anayeingia chumbani mwake, na kila ubeti unafika ulikokusudiwa kabla sindano haijafika katikati. Hili huwezi kulipata kwenye kitabu, hata kiwe kizuri namna gani.

Na huwezi kulipata kwa waliorudia nyimbo zake. Chukua ule wa Kijiti, unaochezewa kwenye sherehe kama wimbo wa furaha. Ni habari ya mauaji. Mwanamke alikuja Unguja kutembea akitokea Dar es Salaam, akatoka na mwanamume aitwaye Kijiti pamoja na wenzake, akauliwa. Muuaji akakimbilia bara, na waliofikishwa mahakamani wakaadhibiwa ni wanawake waliofuatana na yule marehemu, kwa kosa la pombe. Siti aliuimba wimbo ule wakati watu bado wanaijua kesi na wenyewe. Msikilize kwenye santuri: hachezi. Anashuhudia. Yeye aliyekuwa amevaa jina la Mtumwa aliwaambia watu kwa sauti ya juu kwamba haki imepindishwa, na sahani ikalipeleka neno hilo mpaka mahali ambapo mahakama haikufika.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Sahani zake zinafuata. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, ikidondoka moja inavunjika kama chungu. Kila nyumba inapobomolewa na kila bibi anapofariki, kuna sanduku linatupwa. Nimeona sahani za santuri zimetundikwa ukutani kwenye duka la watalii, zimetobolewa na kutiwa mashine ya saa. Nilikaribia kulia.

Ninachoomba, ndugu Mhariri, ni hiki. Mwenye santuri za Siti au za wenzake asizitupe wala asiziuze kwa mapambo. Azisimamishe wima, asizilaze moja juu ya moja, wala asizipige kwa kinanda cha zamani chenye sindano nzito inayozila. Azipeleke kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au kwa yeyote mwenye vifaa vya kuzinakili vizuri, kisha arudi nazo kwake akitaka. Na anayezitia kwenye intaneti aandike kila kilichomo kwenye karatasi ya katikati: jina la mwimbaji, jina la wimbo, nambari ya santuri. Asiandike "taarabu ya zamani" akaondoka. Watangazaji nao wawe wanasoma jina hilo kabla ya wimbo na baada ya wimbo.

Bibi yangu aliniachia sahani sita. Moja ina ufa kuanzia ukingoni mpaka karibu na katikati, na sithubutu kuiweka sindano. Hizo tano nyingine nimekwisha kuzifunga kwa khanga, na juma lijalo nazipeleka kunakiliwa. Ukinipa nafasi tena nitakuletea yaliyoandikwa kwenye kila moja, ili wasomaji wenye nambari zisizokuwamo kwangu wajitokeze.

Wako,
Mjukuu wa Kikwajuni,
Unguja