Barua kwa mwanangu kabla hujapanda basi

Marahaba mwanangu. Najua uko Nansio unamuaga bibi na mtandao huko wa shida, ndo maana naandika, utasoma ukishuka kwenye boti. Jumatatu alfajiri basi la Dar linatoka Nyegezi na we ukirudi hapa Kirumba utakuwa mbio mbio tu hatutaongea.

Nimeisoma ile programu yako ya daftari la dagaa la mama. Hongera, mimi kwa umri wako hii lugha ya C ilikuwa inanitoa jasho. Ila nani kakwambia uandike while (!feof(fp)), yaani zunguka mpaka feof iseme faili limeisha? Mteja wa mwisho kwenye orodha, yule wa gunia mbili, ametoka kwenye karatasi mara mbili na mama yako kamdai za gunia nne, yule mama kaja juu mwaloni pale mbele za watu, tumeitwa wezi. feof haijui faili limeisha mpaka ujaribu kusoma ukose, sasa fgets, ile ya kusoma mstari, inarudi mikono mitupu, bafa, pale mstari unapohifadhiwa, bado ina mstari wa zamani na we unauchapa tena. Kwako ilikuwa inakubali sababu faili lako la majaribio hukubonyeza enta mwishoni, mama anabonyeza.

Angalia fgets imerudisha nini, basi. while (fgets(mstari, sizeof mstari, fp) != NULL), ikileta NULL, yaani hakuna kitu, toka.

Halafu sscanf, ile ya kuchambua mstari, nayo umeiacha hivyo hivyo. Mama akiacha deni wazi, koma mbili zimefuatana, inaishia njiani inarudisha 1 badala ya 3, yaani imepata kitu kimoja tu kati ya vitatu, hukuangalia, namba zinabaki za mteja wa juu yake. Yaani mtu hajakopa hata kisado anabebeshwa deni la jirani! Na fopen ya kufungua faili je? Faili lisipokuwepo unapewa NULL na unasonga nayo tu. Mwanangu angalia kilichorudi, kila mara, huko Dar hawatakuita mezani wakueleze, watakuambia rudi kwenu.

Mimi nasema hivi maana kuna kiwanda kimoja cha minofu niliwaandikia programu ya mizani, nikatumia atoi kugeuza maandishi kuwa namba, ikikuta herufi inaishia hapo hapo wala haipigi kelele, kumbe karani alikuwa anaandika herufi O badala ya sifuri, 1O inasomeka 1. Wavuvi wakalipwa pungufu wiki nzima. Nilisema ni umeme. strtol, inayofanya kazi hiyo hiyo, ingeniambia imekwama wapi. Mama yako hiyo haijui, iache hapo hapo.

Mtungi wa gesi umeisha, ukipita mjini ulete. Bibi akikupa sato pokea usijifanye umeshiba. Dagaa wa shangazi yako wa Mbagala nimeshawafunga mifuko miwili, usiwachanganye na laptopu kwenye begi moja, harufu haitoki ile.

Na usiondoke hujarekebisha lile faili, yule mteja mpaka leo hajarudi.