Kwa maluteni usu wapya: yaliyotukuta Lukaya

Wajukuu zangu,

Nimewaona kwenye televisheni mkitunukiwa kamisheni, nyota moja moja begani, mama zenu wakipiga vigelegele. Nilifurahi sana. Usiku usingizi ukaniruka, maana kuna jambo la vita ambalo gwaride halilionyeshi, na umri wangu hauniruhusu kuliweka tena.

Nilikuwa mgambo. Nilitoka shambani mwaka 1978, Amin alipovamia Kagera na Mwalimu akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Machi 1979 nilikuwa Brigedi ya 201, chini ya Brigedia Imran Kombe, tukisogea Lukaya, ndani ya Uganda, kwa barabara ya Kampala. Barabara ile inakata kinamasi, mafunjo huku na huku. Jioni ya tarehe 10, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakatushushia roketi. Nyingi zilitupita juu ya vichwa, lakini mlio ule wengi wetu hatukuwahi kuusikia. Tulikimbia. Nami nilikimbia.

Kamanda wa platuni yetu, luteni wa umri wenu, alibaki. Nilimkuta kando ya barabara amechuchumaa kwenye matope, anaita majina yetu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu darasani. Ukiitika anakushika bega: "Bunduki unayo?" Mimi yangu nilikuwa nimeitupa. Hakunitukana. Alinipa ya majeruhi, akasema, "Kaa hapa kwangu." Nikakaa. Wenzangu wakasikia majina yao gizani, wakarudi mmoja mmoja.

Usiku huo Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikazunguka, na alfajiri ya tarehe 11 ikampiga adui ubavuni huku sisi tukimpiga kwa mbele. Makamanda wakubwa wanasifiwa kwa mpango ule, na ni haki yao. Ila huko mbele kungekuwa na nani, kama majina yale yasingeitwa?

Basi yajueni majina ya askari wenu wote. Jueni nani mkewe anakaribia kujifungua, nani haoni vizuri usiku. Aliyekimbia mara ya kwanza usimwite mwoga mbele ya wenzake. Mwulize bunduki iko wapi. Hofu ikikushika, nayo itakushika, shusha sauti. Wala usijitupe mbele peke yako ili usifiwe: utawaachia askari thelathini uyatima.

Luteni wetu hatukurudi naye. Kila Julai 25, nikipata nauli, nakwenda kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, nasimama hapo na kuita majina ya platuni kwa mpangilio wake yeye. Mwaka huu pumzi imepungua. Atakayekuwa karibu na Kagera siku hiyo aje anisaidie kuita.

Babu yenu,
mgambo wa zamani