Mama akivunjika mkono, tusiishie kwenye hogo

Mhariri,

Nimestaafu uuguzi hapa Dar es Salaam, lakini kuna jambo bado linanikera. Mama wa miaka sitini na kitu anateleza bafuni kwake Tandika, anajikinga kwa kiganja, mkono unavunjika karibu na kifundo. Anapigwa picha, anafungwa hogo, anapewa dawa za maumivu, basi. Hakuna anayemuuliza imekuwaje mfupa uvunjike kwa kuanguka tu akiwa amesimama.

Mfupa imara hauvunjiki kirahisi hivyo. Mara nyingi huwa umeshadhoofika, ugonjwa uitwao osteoporosisi. Mwili hula mfupa wa zamani na kujenga mpya, na homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia ulaji usizidi ujenzi. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka. Ndani ya miaka mitano hadi saba mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yake, na haumwi popote. Akianza kupinda mgongo tunasema ni uzee, kumbe pingili zimebonyea.

Kipimo chake ni DEXA, picha maalumu ya eksirei inayopima uimara wa mifupa. Mfupa hulinganishwa na wa kijana mwenye afya; alama ya -2.5 au chini yake ndiyo ugonjwa. Mashine haipo kila hospitali, najua. Ila mama aliyekwisha kukoma hedhi akivunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo, daktari anaweza kuanza tiba bila kuisubiri.

Na tiba si vidonge vya kalsiamu peke yake, ingawa ndivyo vinavyonunuliwa sana. Kuna alendronati, kidonge kinachozuia mfupa usiliwe, ya miligramu 70, mara moja kwa wiki: inamezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu (chai ya maziwa inaiharibu), kisha nusu saa bila kujilaza, maana huunguza umio. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia. Mchicha tunausifia mno; kalsiamu yake nyingi mwili hauifyonzi.

Ombi langu kwa wenzangu walioko kazini: siku ya kufungua hogo, mwulizeni mama hedhi ilikoma lini, kama mzazi wake aliwahi kuvunjika nyonga, na kama ametumia prednisoloni (dawa ya steroidi, nayo hudhoofisha mifupa) kwa muda mrefu. Kisha mpelekeni kwa daktari kabla hajarudi kwenye bafu lilelile.

Muuguzi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam