Tulivyokwama Kilosa

Mwanga, Kigoma
Mwezi wa Tano

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Natumaini hujambo, na Mama na watoto wote hapo Tanga hawajambo. Sisi tu wazima, mvua ndiyo inamaliziamalizia, na kikohozi cha mdogo kimekwisha.

Uliniuliza kwenye simu kama umlete Mama kwa treni au umpandishe basi, nikakwambia nitakuandikia. Jibu langu ni hili: mlete kwa treni, ila si masika, na kipande cha Kilosa umvushe kwa treni ya umeme, ile ya reli mpya ya SGR. Sasa nikueleze kwa nini, maana nimekuja na donge rohoni tangu safari ile na hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Tuliondoka Dar jioni, na hadi Morogoro sikuwa na la kulalamikia. Nilikuwa daraja la pili kulala, kitanda cha juu. Kilosa tuliingia usiku wa manane. Treni ikasimama, na kwa kuwa mimi na wewe tumekulia kwenye kota za reli, nilijigeuza upande wa pili nikaendelea kulala. Njia ni moja, lazima treni zipishane, na kupishana kuna muda wake. Nilipoamka kumekucha na tuko palepale, kichwa cha treni kimezimwa. Hapo nikajua hakuna tunayempisha.

Sasa nenda kaulize. Mmoja anasema kichwa kimeharibika, mwingine anasema treni ya mizigo imeanguka Kidete, wa tatu ana shemeji yake Dodoma aliyemwambia tunaondoka saa mbili. Saa mbili ikafika, ikapita. Dirisha la stesheni limefungwa. Mkaguzi wa tiketi, kijana mwenye adabu zake, akawa anapita akisema tuvute subira, taarifa itatolewa, na ukimtazama usoni unaona naye hajaambiwa kitu.

Taarifa ya kweli ililetwa na kiberenge, kile kigari kidogo cha wafanyakazi wa reli. Kilirudi kutoka upande wa Munisagara kimebeba watu wa genge, wale wanaotengeneza njia ya reli, tope hadi mapajani, macho mekundu kwa kukesha. Nikamsogelea mzee mmoja, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mtoto wa reli, baba yangu alikuwa genge la Goweko kabla ya kuhamishiwa Tabora. Akafurahi, akajifuta mkono kwenye shati akatoa simu, akanionyesha picha. Somo, maji yamebeba tuta lote. Reli imening'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba, na chini yake mto unapita. Akaniambia, "Hapo kokoto si za behewa moja, mwanangu. Tukishajaza, tunapitisha kwanza kichwa peke yake, mwendo wa mtu anayetembea. Tuta likikaa ndiyo tunaruhusu abiria."

Maneno hayo machache yalinituliza. Nikarudi nikawaambia wenzangu wa chumbani, nao wakawaambia wa chumba cha pili, na habari ikasambaa hivyo, mdomo kwa mdomo, hadi ikafika daraja la tatu imeshageuka kwamba kuna treni imesombwa na watu wamekufa. Kuna mama aliangua kilio, mwanawe alikuwa ametangulia na treni ya kabla yetu. Tulihangaika naye mpaka mtoto akapatikana kwenye simu, yuko Tabora, anakunywa chai. Angetokea mtu mmoja wa stesheni akapita behewa kwa behewa akasema yale aliyoniambia yule mzee, kilio kile kisingekuwapo.

Kipande kile unakijua mwenyewe. Wajerumani walipoanza kujenga kutoka Dar mwaka 1905 walihitaji mahali pa kupandia bara, milima ikawazuia, wakaamua kufuata bonde la mto Mkondoa kutoka Kilosa kuelekea Gulwe. Wakapita. Tabora walifika 1912 na Kigoma Februari 1914. Lakini reli ikabaki ubavuni mwa mto, na mto ule kila masika unashuka na mchanga wa Mpwapwa na Kongwa ambako vilima vimebaki vipara. Mchanga unajaza kitako cha mto, maji yanakosa pa kupita, yanapanda kwenye tuta. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipokata njia hapohapo, wasafiri wa bara wakawa wanapandia treni Dodoma. Pamefanyiwa kazi mara nyingi tangu hapo, na bado mvua kubwa ikija tunarudi kulekule.

Kwa hiyo, somo, silaumu kusimamishwa. Sisi tuliokuwa Tabora tarehe 24 Juni 2002 hatuwezi kumlaumu mtu aliyesimamisha treni. Ile ya abiria ilikosa breki kwenye mlima wa Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikaivaa ya mizigo, watu 281 wakafa. Unakumbuka mama zetu walivyokuwa wakitoka nyumba hii wakiingia ile, kuuliza nani alikuwa zamu. Wacha genge lijaze kokoto zake, wacha wapime, wacha wapitishe kichwa kitupu hata mara kumi. Nitakaa.

Ila nikae kama binadamu. Mchana ulipopanda, maji ya chooni yakaisha. Behewa la chakula likabakiwa na soda, baadaye hata soda zikaisha. Kina mama wa Kilosa ndio waliotuokoa, walikuja na uji, mihogo, wali wa kufunga kwenye mifuko. Maji ya kunywa yalipanda bei hadi nikaona aibu kwa niaba ya aliyekuwa akiyauza, lakini naye kayatoa mbali kichwani. Wenye uwezo tulinunua. Daraja la tatu kuna watu walitoka Dar na nauli na chakula cha usiku mmoja tu, kwa sababu ratiba iliwaambia kesho yake watakuwa wapi.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Congo, anasafiri na wajukuu wawili. Alikwenda Kariakoo kuchukua mzigo, malapa na vitenge, avuke nao ziwa akauze kwao. Kila akipita mtu mwenye sare ananiuliza, "Banasema nini?" Namwambia hawajasema kitu. Mwisho akachukua kisu, akakata kamba ya balo, akapanga malapa kwenye sakafu ya stesheni na kuanza kuyauza, kwa bei ileile aliyonunulia, jozi moja sahani moja ya wali. Nilikaa naye nikawa ninamsaidia kutafuta saizi za watu. Alikuwa anakunja vizuri kila mfuko wa plastiki anaotoa lapa, anauweka pembeni, kana kwamba atalirudisha balo lake lilivyokuwa. Hakuna atakayemlipa ile faida, na hakuna mahali itaandikwa kwamba aliipoteza.

Na sasa sikiliza jambo lililonichemsha damu. Tukiwa pale, treni ya umeme ilipita ikielekea Dodoma. Nyepesi, safi, taa zinawaka ndani. Unajua Kilosa nayo ina stesheni ya reli mpya. Tangu 2024 watu wanatoka Dar wanafika Dodoma kwa saa chache, wanapita kwenye mahandaki na madaraja marefu juu ya bonde hilihili. Najivunia reli ile, nimeipanda, na kila Mtanzania aliyesafiri zamani anajua ni hatua gani tumepiga. Lakini nikatazama watu mamia waliokaa juu ya mizigo yao, tiketi mkononi, nikajiuliza mbona wasihamishiwe kule?

Kuna kijana fulani, nadhani mwalimu, akakusanya majina ya wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga, akapeleka karatasi ofisini kuomba tiketi zao zitambulike kwenye treni ya umeme, hata kama watasimama, wafikishwe Dodoma tu. Karatasi ikapokelewa. Jibu halikuja. Wenye fedha na begi moja walikodi bodaboda wakaenda kujikatia tiketi nyingine, wakatuacha kwenye mataa.

Najua majibu yatakayotolewa. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya ina 1,435, behewa la huku haliwezi kupanda kule. Kweli, lakini abiria ana miguu. Watasema viti vimeshauzwa, na kule mizigo mikubwa hairuhusiwi. Nakubali pia, ndiyo maana hatukuomba tupande sote na mabalo yetu. Mtoto wa miezi mitatu hana balo. Bibi anayekwenda Itigi kuzika hana balo. Njia mbili zinapita bonde moja, moja imekatika na nyingine inafanya kazi, na aliyelipa nauli ndogo ndiye anayeachwa kwenye ile iliyokatika. Hilo ndilo linaloniuma, na sitalizoea.

Jioni yakaja mabasi. Hakuna aliyetuambia yanakuja, tuliyaona tu yakipinda kuingia. Basi, ukawa ugomvi. Watu wakapitia madirishani, mabegi yakarushwa, makonda wakaanza kutaja bei ya mzigo kana kwamba hatukuulipia Dar. Yule mwalimu akapanda juu ya kreti, akapaza sauti kwamba wenye watoto watangulie, na ajabu watu walimsikiliza. Mama wa Kalemie alidaiwa hela ya mabalo matatu. Tukachanga tuliokuwa naye, akapanda. Tukapita Dumila, Gairo, na Dodoma tukafika usiku ambao sikutazama tena saa. Treni nyingine ilikuwa imesimama inatungoja, hilo nawashukuru.

Kutoka hapo sina mengi. Saranda tulikula kuku. Kuna mahali pengi kabla ya Tabora tulikwenda pole kwa sababu ya vipande vinavyofanyiwa kazi, na tuta la reli mpya unaliona kwa mbali likiwa linajengwa. Tabora tulikaa sana wakati mabehewa yanapangwa upya, nikashuka nikanyoosha miguu. Ile miembe ya upande wa kota bado ipo, mwambie Mama. Malagarasi, Uvinza, kisha ziwa. Mama wa Kalemie alikuta boti aliyokusudia imeshaondoka. Alilala kwangu na wajukuu wake hadi alipopata nyingine, na watoto walinioshea vyombo vyote bila kuambiwa.

Sikunyamaza, somo. Niliandika barua ya malalamiko nikaambatanisha nakala ya tiketi, nikapeleka nakala pia kwa lile Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini, maana kazi yake ni kututetea sisi. Sikudai makubwa. Nimeandika kwamba njia ikifungwa, mtu apite kwenye mabehewa kila saa aseme anachokijua, hata kama anachokijua ni kwamba hawajui watamaliza lini. Matangi ya maji yajazwe tena. Kilosa na Dodoma uwepo utaratibu, umeandikwa nyuma ya tiketi, wa kuwahamishia wazee, wagonjwa na watoto kwenye treni ya umeme. Na mzigo uliolipiwa usilipiwe mara ya pili kwa sababu ya mvua. Nikijibiwa nitakutumia jibu.

Sasa Mama. Basi hapana, kwa mgongo wake ule, siku nzima na zaidi amekunja magoti. Ndege atakataa, unamjua. Treni ana kitanda, atajinyoosha, atapita Tabora aione tena kabla macho hayajamwishia kabisa. Msubiri mwezi wa Sita mwishoni au wa Saba, masika yakiwa yamekwisha kabisa. Toka naye Tanga kwa basi, mlale Dar kwa mdogo wako. Asubuhi mpande treni ya umeme hadi Dodoma, itamvusha lile bonde akiwa ametazama dirishani. Dodoma mpumzike, halafu ndipo mpande treni ya Kigoma kwenye stesheni ya zamani. Kumbuka stesheni hizo mbili haziko pamoja, kwa hiyo tafuta bajaji mapema, na ukate tiketi ya kulala kabla hujatoka Tanga, kitanda cha chini.

Dawa zake za presha zibebe za ziada, usihesabu kwa ratiba. Chupa kubwa ya maji, chupa ya chai, tochi, na kanga mbili tatu, usiku wa Manyoni na Itigi mwezi wa Saba baridi yake si ya Tanga. Chakula usijali sana, njiani kipo, ila weka mkate na mayai ya kuchemsha kwa dharura.

Kuna binti hapa stesheni ya Kigoma ambaye hunipigia simu treni ikitoka Uvinza, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa saa za kufika. Hata iwe saa tisa usiku nitakuwa pale na gari ya shemeji yako. Nitajie tarehe mapema ili niandae chumba cha Mama upande usio na ngazi. Na kama machungwa ya Muheza yatakuwa yameiva, mniletee angalau nusu kiroba, huku tunayatamani.

Wasalimie wote, shemeji na watoto, na Mama mwambie nimeshamtafutia mawese mazuri.

Ni mimi somo wako