Mwanangu, toa hiyo bolti kabla hujapanda mlima Kitonga

Marahaba mwanangu, meseji yako nimeisoma na picha nimeziona. Hongera kwanza, maana injini ya hiyo Land Rover iliyolala miaka yote ile chini ya mwembe ukaiwasha mwenyewe, hata mjomba wako nimemsikilizisha kwenye simu akanyamaza kabisa. Ila hilo la pili limeninyima usingizi. Unasema oili ilikuwa inadondoka nyuma ya injini pale inapoungana na giaboksi, fundi akafunga bolti kwenye tundu la chini, na sasa uwanja wa watu hauchafuki. Mwanangu oili haijaacha kuvuja, mmeifungia ndani tu.

Lile tundu chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, waliotengeneza gari waliliweka makusudi, ili oili ikitoroka ipate pa kutokea. Kifuniko chake ni cha kuvukia maji, ukishavuka unakitoa. Ukikiacha oili inajikusanya humo, flaiwili inairusha mpaka kwenye klachi, klachi ikishalowa inateleza, injini inalia gari haliendi. Na wewe Jumamosi unataka kuja Iringa na bati zangu za jikoni, upande Kitonga na malori mbele malori nyuma! Toa hiyo bolti.

Na usiniambie kuna hendibreki. Hendibreki ya hizi Land Rover Series III haishiki matairi, inashika propela shafti ya nyuma, ngoma yake iko pale nyuma ya transfa, lile boksi la gia la pili, na sili ya hapo, raba ya kuzuia oili, ikichoka inamwaga oili ya gia humohumo ndani ya ngoma. Sasa klachi imelowa, na hendibreki imelowa, utajizuia na nini kwenye ule mlima? Fungua uangalie.

Wewe mikono yako ni ya baba yako kabisa, mimi hilo naringa nalo mpaka kanisani, lakini sikio lako linakubali kila mwenye spana. Huyo fundi anataka kushusha giaboksi kesho, ameshajua inavuja wapi? Gari hilo kushusha giaboksi ni kung'oa sakafu na boksi la viti ndio uitolee ndani, si kazi ya kubahatisha. Chovya kidole kwenye hiyo oili unuse. Ile EP90 ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Kama ni ya injini, osha nyuma kote na mafuta ya taa, ikauke, washa mpaka ipate moto, halafu mulika tochi kuanzia JUU. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja kwa nyuma oili inashuka na mgongo wa injini inakuja kudondokea palepale kwenye tundu, aliyelala chini ya gari ataapa ni sili ya krenki kumbe ni gasketi ya hela ndogo tu. Na kile kipumulio cha injini kioshe na petroli, kikiziba presha ya ndani inasukuma oili itoke popote penye sili.

Ikiwa ni krenki kweli, haya, shusheni. Ila msibadilishe sili mkaacha zile raba mbili za umbo la T ubavuni mwa kofia ya bearingi ya nyuma, maana oili inapita hapo pia halafu mtarudia kazi yote. Na pleti ya klachi iliyolowa wasikuoshee na petroli wakairudisha, nunua mpya, nitakuongezea kwenye hela ya kuku, wale majogoo wakubwa nimeshawauza isipokuwa yule mwekundu. Usimwambie dada yako, yeye anasubiri godoro la kwenda nalo shule na kikundi hakijagawana bado.

Bati zisikuharakishe. Malori ya mbao yanayoshuka Dar yanarudi yakipita hapo Morogoro, mtafute dereva mmoja mpatane akubebee. Fundi wa paa nimeshamwambia asubiri, mvua ikija mapema nitapikia kibarazani. Wewe njoo na basi kama gari halijawa tayari, nani anakufukuza?

Ukishatoa bolti nitumie picha ya tundu likiwa wazi, leo hii, na uniambie oili kwenye stiki imesoma wapi.

Mama